Mgeni Aliyekaribishwa Malindi

Sauti ya mlangoni ilisema salaam aleikum, na Guracha Waqo, aliyekuwa amejinyoosha kitandani akiangalia bei ya mbuzi kwenye simu, akajibu kama alivyojibu maisha yake yote.

"Aleikum salaam. Karibu. Karibu ndani."

Mlango ukafunguka, upepo wa bahari ukaingia, mlango ukajifunga taratibu. Hakuna mtu aliyepita mbele ya macho yake, ingawa kusema kweli macho yenyewe hakuwa ameyainua.

"Umekaribisha nani?" mkewe Ruweida aliuliza kutoka bafuni.

"Mtu wa hoteli."

"Anataka nini?"

"Hajasema."

"Yuko wapi?"

Guracha akainua macho. Kitanda kilikuwepo, kabati lilikuwepo, meza yenye birika la umeme na vikombe ilikuwepo, na kile kiti cha mbao kilichoangalia bahari kilikuwepo. Mtu hakuwepo.

"Ametoka," alisema.

"Huyo ni mtu ama ni upepo?"

"Mama Tiya, tumekuja kupumzika. Wacha maswali."

Ndivyo ilivyoanza, na ukitaka kumlaumu Guracha, ngoja kwanza uione nyumba yake. Kule Bulapesa, mjini Isiolo, salamu ya mlangoni hujibiwa kabla ya mtu kuonekana. Kuuliza "nani?" ni kumtukana mgeni na ukoo wake wote. Kwa hiyo nyumba haikuwahi kukaa tupu. Walikuja binamu wa Merti wenye wagonjwa hospitalini, walikuja wakwe wenye kesi mahakamani, walikuja vijana wa kutafuta kazi ambao kazi yao ya kwanza ilikuwa kumaliza sukari. Mwaka mmoja alikuwepo bwana mpole, akakaa kutoka Ramadhani hadi Krismasi, akaondoka na shukrani nyingi, na ndipo Guracha na Ruweida walipogundua kwamba kila mmoja alidhani ni jamaa wa mwenzake.

Ruweida alikuwa muuza maziwa ya ngamia sokoni. Alirudi jioni mgongo ukimuuma, akakuta viatu vya watu mlangoni, akaingia jikoni. Miaka mingi alivumilia. Kisha siku moja alikaa kitandani akasema bila kupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyomtisha Guracha: "Mgeni mmoja zaidi, mmoja tu, na mimi naenda kwa mama yangu, kule Kinna. Na sirudi."

Binti yao Tiya, anayefanya kazi Nairobi, alisikia habari hiyo, akawalipia hoteli ya Malindi. "Mkae wawili tu," aliwaambia. "Baba, wawili. Unajua maana ya wawili?"

Guracha alisema anajua.

Jioni ile ya kwanza walikaa wakaiangalia bahari. Ruweida aliiangalia kwa raha. Guracha aliiangalia kama mfugaji anavyoangalia maji mengi kiasi hicho yasiyonyweka na ng'ombe hata mmoja, kwa huzuni. Alipotaka kukaa kwenye kile kiti cha mbao aliinuka haraka, suruali imelowa.

"Umemwaga maji hapa?"

"Mimi? Sijagusa."

Akapangusa kiti kwa taulo. Akakaa. Akainuka tena. Kiti kilikuwa kimelowa upya, na mbao zilikuwa na joto, joto la mahali mtu alipotoka kuketi sasa hivi.

Asubuhi kulikuwa na vikombe vitatu vichafu mezani. Ruweida alivihesabu kwa kidole, akamgeukia mumewe.

"Nani alikunywa?"

"Labda nilikunywa viwili."

"Wewe hunywi chai bila kunipigia kelele nikupikie. Baba Tiya, kuna mtu umemwambia tuko hapa? Kuna binamu yako Malindi?"

"Haki ya Mungu sina binamu Malindi."

"Wewe una binamu kila mahali."

Wakagombana, wakaenda kuogelea wamenuna, maana yake Ruweida aliingia majini hadi magoti na buibui lake, na Guracha akasimama mchangani na viatu mkononi huku wauza shanga wakimsalimia kwa Kiitaliano. Aliporudi chumbani alisikia harufu. Ilikuwa ya chumvi na manyoya yaliyoungua, kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa motoni. Tumbo lake, ambalo halina akili, likanguruma kwa njaa. Ndipo akasikia na ile sauti. Mtu alikuwa anakunywa chai, na anakunywa kama wazee wa Merti, kwa kuvuta midomo, fyuuu, halafu kimya, halafu pumzi ya kuridhika. Ilitoka kwenye kiti.

Ruweida alikuwa ameisikia pia. Walitazamana.

"Tuhame chumba," alinong'ona.

Kule mapokezi alikuwepo Ntongai, Mmeru mwenye upara na miwani, aliyefurahi kupata watu wa upande wa kwao. Akawapa funguo nyingine bila maneno mengi. Kisha akauliza, akiandika, "Na yule mzee wenu, yeye mnamweka wapi? Ama mnalala naye hivyo hivyo?"

"Mzee gani?" Guracha akauliza.

"Huyo mrefu. Si amekaa hapo nyuma yenu."

Wakageuka. Kochi la mapokezi lilikuwa tupu. Katikati ya kochi palikuwa na bonde la makalio, na kitambaa kilikuwa kimelowa chapachapa, na maji yalikuwa yakidondoka sakafuni tone kwa tone.

"Aliniambia ni mgeni wenu," Ntongai alisema, na sasa kalamu yake ilikuwa imesimama. "Alisema Guracha Waqo mwenyewe ndiye alimkaribisha."

Ruweida alimtazama mumewe, na macho yake yalikuwa ya mwanamke anayehesabu nguo atakazobeba.

Walihama, na mgeni akahama nao, kwa sababu mgeni hufuata mwenyeji wake. Chumba kipya kilinuka kabla hawajafungua mabegi. Mchana huo jua lilikuwa kali, mapazia yamefungwa, kiyoyozi kikipiga kelele kama trekta ya mashamba ya Burat. Wakalala chali kama watu waliopigwa. Guracha aliamshwa na mlio wa maji yakichemka, akadhani yuko Bulapesa, akataka kuuliza nani amekuja leo, kisha akafungua macho akamwona Ruweida amesimama mbele ya kiti cha chumba hicho, macho wazi lakini hayaoni, birika mkononi, anamimina chai ndani ya kikombe kilichojaa tayari, anaendelea kumimina, na chai inafurika juu ya sahani na juu ya meza na juu ya mkono wake mwenyewe wa kushoto, mkono unaobadilika rangi huku mvuke ukipanda, naye hata hajikunyati, anatabasamu lile tabasamu lake la wageni, lile ambalo Guracha alikuwa amelitazama miaka yote bila kujua kwamba ni la mtu aliyelala, na anasema kwa sauti nyororo, "Nikuongezee sukari?"

Fyuuu, kikajibu kiti.

Kisha sauti ikaja, ya taratibu, ya mtu mwenye muda. "Chai ni nzuri. Habari za Isiolo, Guracha Waqo? Mvua ilinyesha?"

Na Guracha, Mungu amsamehe, mdomo wake ukajibu wenyewe, kwa mazoea. "Ilinyesha kidogo."

"Na mifugo?"

"Salama."

"Na watoto?"

Hapo ndipo alipojing'ata ulimi mpaka damu. Akaruka, akampokonya Ruweida birika, akamvuta bafuni, akamwekea mkono kwenye maji baridi. Ruweida alizinduka akipiga kelele. Baadaye, mkono ukiwa umefungwa taulo, alianza kukunja nguo kwa mkono mmoja.

"Mama Tiya, ngoja."

"Nimengoja tangu nikiwa msichana." Hakulia, na angelia ingekuwa afadhali. "Nilidhani nikitoka Isiolo nitatoka jikoni. Sasa namhudumia mtu hata nikiwa usingizini, Baba Tiya. Hata jina lake sijui. Kesho nashika basi. Ya Kinna."

"Nitamtoa huyu."

"Wewe?" Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Wewe hujawahi kutoa mtu."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimuuma kuliko matusi. Akaenda kumwuliza Ntongai, na Ntongai akampeleka kwa Shire, Msomali wa Garissa aliyekuwa akiuza manukato karibu na soko kuu na ambaye, ukimwuliza kwa sauti ya chini, alikuwa akitoa majini.

Shire alikuja alasiri hiyo hiyo na msahafu, chupa ya maji yaliyosomewa dua na kifua cha mtu asiyetishika. Akaketi kukabili kiti, akasoma. Akasoma mpaka jasho likalowesha kofia. Akanyunyizia maji, na kiti kikanyunyiza maji yake. Akasoma mpaka sauti ikakwaruza. Mwishowe akafunga msahafu, akamgeukia Guracha kwa hasira kama fundi aliyedanganywa kuhusu gari.

"Walaal, ndugu yangu, huyu aliingia aje hapa?"

"Mlangoni."

"Alivunja? Alijificha kwa nguo? Mlikanyaga mahali pao?"

"Alisema salaam aleikum. Nikamwambia karibu ndani."

Shire akajipiga kofi la paji la uso. "Wewe! Jini mwizi namtoa. Jini mvamizi namtoa. Huyu ni mgeni wako, umemkaribisha kwa mdomo wako na mke wako amempa chai. Mimi nitamfukuza kwa haki gani? Nikifukuza mgeni wa mtu mimi ndiye mwenye makosa! Mtoe wewe."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie, toka. Hilo tu. Usiongeze kitu. Hawa hawajui kwamba mtu anaweza kusema kitu kwa sababu ya hasira. Wanachukua neno vile limetoka."

Guracha akasimama mbele ya kiti. Ruweida alikuwa karibu na mlango, begi begani, mkono uliofungwa umeshika komeo. Alikuwa akimtazama mumewe kama mtu anayeangalia mizani.

Guracha akafungua mdomo. Neno lilikuwa fupi, hata mtoto mdogo hulisema. Lakini babake hakuwahi kulisema, wala babu yake, wakati wa ukame na wakati wa vita vya shifta, hata chakula kilipokuwa ngozi ya kuchemsha. Akalizunguka.

"Aa," alisema. "Naona barabara ni nzuri siku hizi."

"Ni nzuri," ikasema sauti.

"Mtu akitoka sasa, anafika mapema."

"Anafika."

"Watu wako huko nyumbani... hawajaanza kukutafuta?"

"Hawana wasiwasi. Wanajua niko kwa mtu mzuri."

"Sema, walaal!" Shire akamnong'oneza kwa meno.

"Labda umechoka na chai ya hapa," Guracha alisema, jasho likimtiririka mgongoni. "Sukari pia imekwisha."

"Mama Tiya atatafuta ingine," ikasema sauti, na kule mlangoni begi la Ruweida likateleza begani likaanguka, miguu yake ikaanza kutembea kuelekea kwenye birika, moja, halafu nyingine, huku uso wake ukimgeukia mumewe ukimsihi, na midomo, midomo ile ile iliyokuwa imekauka kwa hofu, ikianza kujipinda pole pole kuwa lile tabasamu.

Ndipo Guracha alipopasuka. Miaka yote ya viatu vya watu mlangoni, ya kulala sebuleni nyumbani kwake mwenyewe, ya kuona mgongo wa mkewe tu kwa sababu mbele yake kulikuwa na sufuria, ilimtoka kwa mkupuo.

"Toka!" alipiga kelele. "Toka! Nimechoka na wageni! Sitaki mgeni, si wewe si mwingine! Mtu asiingie kwa mlango wangu tena mpaka siku nitakufa!"

Ruweida alisimama katikati ya chumba, miguu yake imerudi kuwa yake. Kiti kikalia. Nyayo za maji zikajichora sakafuni, ndefu, nyembamba, zikampita Shire aliyejibana ukutani, zikafika kwa Guracha zikasimama. Harufu ya manyoya yaliyoungua ikamjaa puani, na sikioni mwake ile sauti ikasema kwa heshima kubwa, "Nimesikia. Hilo nitakusimamia." Mlango ukafunguka. Mlango ukajifunga.

Ruweida akamkumbatia mumewe mbele ya mtu wa nje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwa hiyo hakuna aliyemtazama Shire, aliyekuwa anakusanya vitu vyake huku akitikisa kichwa. "Nilimwambia hilo tu," alisema peke yake. "Hilo tu."

Isiolo waliikuta nyumba tupu. Waliokuwa wameachwa ndani walikuwa wameondoka, hata godoro la sebuleni limekunjwa. Guracha na Ruweida walijifungia ndani, wakala chakula kikiwa moto. Walikaa uani jioni bila kuzungumza, wakagundua kwamba bado wanapendana, na kwamba Guracha hukoroma hata akiwa macho. Ilikuwa raha ambayo hawakuijua hata siku za harusi, kwa sababu harusi yao nayo ilijaa wageni.

Kisha binamu yake Dabaso akapiga simu kutoka Merti.

"Kama hutaki tuje, si useme. Nimetoka huku na mgonjwa, nimefika getini kwako, unatuwekea askari atufukuze kama mbwa?"

"Dabaso, mimi sina askari."

"Huyo mrefu ni nani? Ananiambia, mwenyewe hataki mgeni. Ananiambia mara tatu. Mgonjwa tumemlaza kwa lori." Akakata.

Jioni hiyo jirani yao Nakiru, Mturkana mwenye sauti ya kwaya, alimwita Ruweida juu ya ukuta wa ua. "Mama Tiya, huyo mzee wenu hana adabu. Nilikuletea maharagwe, akanizuia getini. Halafu kwani anaogaga na nguo? Anatoka maji mwili mzima, na hii jua ya Isiolo!"

Guracha alichungulia getini. Hakuona mtu. Palikuwa na nyayo mbili za tope, ndefu na nyembamba, kwenye vumbi ambalo halikuwa limeona mvua tangu Aprili.

Alimpigia Shire. Shire alimsikiliza mpaka mwisho. "Huyo si mgeni tena, walaal. Mgeni ungemtoa. Sasa ni mfanyakazi. Ulimpa kazi, na ulimwambia itaisha lini."

"Nimfute basi!"

"Jaribu."

Alijaribu. Alisimama getini akampa likizo, akamshukuru, akamtukana kwa Kiborana na kwa Kiswahili, watoto wa mtaa wakakusanyika kumwangalia mzee anayegombana na geti. Zile nyayo za tope hazikukauka.

Wiki iliyofuata, Ruweida akiwa bado hajatoka nje kwa sababu ya mkono wake, mama yake, ambaye kila mtu humwita Akko, bibi, alifika kutoka Kinna bila kupiga simu. Kifua kilikuwa kimembana, alitaka hospitali. Walimsikia akikohoa nje ya geti, jua likianza kuteremka, halafu wakasikia sauti ya taratibu ikimwambia kitu, na Akko akijibu kwa mshangao, "Lakini hapa ni kwa mtoto wangu."

Ruweida hakungoja viatu. Alikimbia, akafungua geti, akatoka nje, akamshika mamake mkono. Akageuka kumwingiza.

Geti likajifunga mbele ya uso wake.

"Baba Tiya! Fungua!"

Guracha alivuta komeo, likafunguka kwa urahisi. Alivuta geti, likaja. Mkewe alikuwa hapo, hatua moja mbele yake, amemkumbatia mama yake, na alipoinua mguu kuingia, mguu haukushuka. Ulibaki hewani kama umekanyaga ukuta. Maji yalikuwa yanadondoka kati yao kutoka mahali pasipo na kitu.

"Mwenyewe hataki mgeni," ikasema sauti.

"Mimi si mgeni!" Ruweida alilia. "Ni nyumba yangu! Mwambie, Guracha! Mwambie mimi si mgeni!"

Guracha alimwambia. Alimwambia kwa kila lugha anayoijua. Akamwita mke, akamwita mama wa mtoto wake, akaapa kwa kaburi la babake. Sauti haikubishana naye. Ilirudia tu, kwa utiifu, maneno yake mwenyewe, moja baada ya lingine, kama alivyoyatamka Malindi: mtu asiingie, mlango wangu, tena, mpaka siku nitakufa. Na ilipofikia lile neno la mwisho Guracha alielewa kwamba amebakiwa na njia mbili tu, akae ndani na nyumba yake tupu aliyoiomba, au atoke na asirudi, na kwamba huyu mfanyakazi hajali achague ipi.

Akatoka, hakuchelewa hata kidogo. Nyuma yake komeo likasukumwa taratibu, kwa uangalifu.

Alikaa mchangani karibu na mkewe. Akko alikuwa akikohoa katikati yao.

"Umetoka bila viatu," Ruweida alisema.

"Na wewe pia."

"Simu yako?"

"Iko ndani, kwa chaji."

Nakiru alikuwa tayari anavuka barabara, anapiga kelele kutoka mbali kwamba kwani mnakaa chini kama nini, njooni kwangu, kuna ugali, kuna kitanda cha Akko. Ruweida akamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu amjue alimshika mkono barabarani. Walikuwa wanainuka simu ya Ruweida ikalia mfukoni mwake. Ilikuwa Tiya, analia.

"Mama, baba ana nini? Nimempigia kusema nitakuja wikendi. Ananiambia nisije. Ananiambia nisije tena nyumbani mpaka afe. Nimefanya nini?"

Guracha akaichukua simu kwa mikono miwili. "Tiya. Tiya, mwanangu, usilie. Ni mimi baba."

Upande wa pili kilio kikakatika. Nyuma ya pumzi za binti yake, Guracha akasikia sauti yake mwenyewe, ikiongea polepole, kwa upole, kama mtu mwenye muda.

"Baba yuko kwa ile laini ingine," Tiya akasema. "Naongea naye. Wewe ni nani?"